Pampu Imekufa, Lakini Nani Aliiua?

MADA: Kutambua na kubadilisha pampu mbovu ya mafuta kwenye tukutuku
MAHALI: Gereji moja mjini Jinja, mashariki mwa Uganda
WANAOZUNGUMZA: Mtangazaji, Fundi, Mama mwenye tukutuku, Dereva
KWA VIONGOZI WA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI: Baada ya kusikiliza, someni tena sehemu ya vipimo sita kwa sauti, polepole. Maswali ya majadiliano yako mwishoni.

(SAUTI: Injini ya tukutuku inapigwa kiki mara tatu. Inawaka, inakohoa, inazimika. Kimya.)

MTANGAZAJI: Umeisikia hiyo? Kama unaishi kambini au kwenye makazi ya wakimbizi, sauti hiyo unaijua. Ni tukutuku iliyobeba madumu ya maji ya nyumba kumi. Ni tukutuku inayomkimbiza mama mjamzito kituo cha afya usiku. Ni magunia ya mahindi siku ya mgao. Inawaka, inakwenda kidogo, inazimika. Watu wanashuka, wanasukuma. Halafu mtu mmoja kati yao, ambaye hajagusa hata spana, anasema: "Pampu hiyo! Nunua pampu mpya!"

(MUZIKI: unaingia, unashuka chini ya sauti ya mtangazaji.)

MTANGAZAJI: Karibu, ndugu msikilizaji, popote ulipo: Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, Kyaka II, Kiryandongo, na wewe unayetusikiliza Kakuma au Nyarugusu. Leo tunazungumzia pikipiki ya magurudumu matatu. Hapa Uganda tunaiita tukutuku. Tanzania ya abiria wanaiita bajaji, na ya mizigo wengine wanaiita guta au toyo. Jina lolote unalotumia, ugonjwa wake ni mmoja, na leo tunautafuta pamoja.

Niko Jinja, mji ulio pale Mto Nile unapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Barabara kuu inayotoka Mombasa, ikaingia Uganda kwa Malaba na Busia, inapita hapa kwenda Kampala. Kwa hiyo gereji hazikosi kazi. Mbele yangu kuna tukutuku ya mizigo. Mwenyewe ni mama kutoka Kongo aliyeishi Kyangwali kabla ya kuhamia hapa. Kwa usalama wake hatutaji jina. Mama, karibu. Tukutuku imefanya nini?

MAMA: Asante, mwanangu. Tukutuku hii si yangu peke yangu. Ni ya kikundi chetu cha akiba, sisi wanawake saba. Tuliweka kidogo kidogo mpaka tukaipata. Inabeba samaki kutoka Masese, inabeba matoke kwenda soko kuu. Sasa ikipanda kilima na mzigo, inazimika. Ikipumzika dakika chache, inawaka tena. Ikienda kidogo, inazimika. Samaki hawangoji, unajua. Wiki iliyopita wa mzigo mzima waliharibika njiani.

MTANGAZAJI: Pole sana, mama. Na mlifanya nini?

MAMA: Tulibadilisha pampu. Ikapona. Baada ya mwezi ikarudi palepale. Tukabadilisha ya pili. Na leo tuko hapa tena. Wenzangu wameanza kusema tuiuze.

MTANGAZAJI: Pampu mbili, na ugonjwa haujatoka. Fundi, umesikia?

FUNDI: Nimesikia. Mama, kabla hujanunua ya tatu, tuyaulize mafuta yenyewe yamekwama wapi. Yanatoka kwenye tangi, yanapita njia yake, yanafika kwenye injini. Tutayafuata hatua kwa hatua. Pale yatakapokwama, hapo ndipo penye ugonjwa.

(SAUTI: Vyuma vya spana vinawekwa juu ya meza.)

KWANZA: JE, TUKUTUKU YAKO INA PAMPU?

MTANGAZAJI: Fundi, tuanzie mwanzo kabisa. Pampu ya mafuta ni nini?

FUNDI: Ni kifaa kinachoyasukuma mafuta kutoka tangini kwenda kwenye injini. Lakini si kila chombo kinacho. Wasikilizaji washike hili: kuna aina tatu.

Ya kwanza haina pampu. Tangi liko juu ya injini, kama kwenye bodaboda nyingi. Petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake, kama maji kutoka tangi lililo juu ya nyumba. Kama chako ni cha aina hii na mtu anataka kukuuzia pampu, kimbia.

Ya pili ina pampu ya mvuto wa hewa. Ndiyo hii ya mama. Tangi liko chini ya kiti cha dereva, karibu usawa mmoja na kabureta, kwa hiyo mafuta hayawezi kushuka yenyewe vizuri. Pampu yake ni ndogo, inaenea kwenye kiganja. Ina midomo mitatu: mmoja unapokea mafuta kutoka tangini, wa pili unayapeleka kwenye kabureta, na wa tatu unaunganishwa kwa mpira mwembamba na njia ya hewa inayoingia kwenye injini.

MTANGAZAJI: Huo wa tatu unafanya kazi gani?

FUNDI: Ndio unaoiendesha pampu. Ndani kuna kiwambo cha mpira mwembamba, kimetandazwa kama ngozi ya ngoma. Pistoni ya injini ikishuka inavuta hewa, kiwambo kinavutika nacho. Mvuto ukipungua, kiwambo kinarudi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Kila kikienda kinanyonya mafuta, kila kikirudi kinayasukuma. Na kuna vali mbili ndogo, kama milango inayofunguka upande mmoja tu, ili mafuta yasirudi yalikotoka. Haitumii umeme hata kidogo.

Aina ya tatu ni ya tukutuku mpya zisizo na kabureta. Hizo zina pampu ya umeme, na mara nyingi imezama ndani ya tangi. Nitarudi kwake baadaye.

KABLA YA KUGUSA KITU: MOTO

MTANGAZAJI: Hapa tusimame kidogo. Petroli, au esansi kama wanavyosema ndugu zetu wa Kongo, ni kitu cha kuogopwa. Nyumba zetu kambini ni za turubai na nyasi, na zimebanana. Moto wa nyumba moja ni moto wa nyumba zote.

FUNDI: Ni kweli. Watu wanafikiri kinachowaka ni yale mafuta unayoyaona. Kinachowaka kwanza ni mvuke wake, na mvuke huo huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa chini, unasafiri mpaka kwenye jiko la makaa la jirani, halafu moto unarudi kwako. Basi fanya hivi. Fanyia kazi nje, mbali na nyumba. Majiko yote ya karibu yazimwe. Hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna taa ya mafuta, na kazi hii haifanywi usiku. Injini ipoe kwanza, maana ekzosi ya moto inatosha kuwasha. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Usimwagie maji moto wa petroli, utaueneza. Watoto wakae mbali.

Na usinyonye petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kukuua.

VIPIMO SITA

MTANGAZAJI: Sasa tuanze kupima. Kikundi, andikeni namba moja hadi sita.

FUNDI: Kipimo cha kwanza: mafuta yenyewe. Je, yamo tangini? Koki imefunguliwa? Usicheke, wengi wamefika hapa wakisukuma na koki imefungwa. Halafu toa kidogo, uyaweke kwenye chupa safi inayoonyesha ndani. Yaache yatulie dakika tano. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiwemo utayaona yamekaa chini, yamejitenga. Na uchafu utauona pia. Kijana, hebu lete hiyo chupa.

(SAUTI: Chupa inawekwa juu ya meza.)

MTANGAZAJI: Naiangalia hapa. Juu ni petroli. Chini kuna vumbi la rangi ya kahawia, kama udongo wa matofali.

FUNDI: Hiyo ni kutu ya tangi. Liweke akilini, tutalirudia.

Kipimo cha pili: kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu likiziba kwa vumbi, tangi linavuta ndani na mafuta yanakataa kutoka. Dalili zake ni sawasawa na za pampu mbovu: inakwenda kidogo, inazimika, ikipumzika inawaka. Ikikuzimikia njiani, subiri ipoe kidogo, fungua kifuniko. Ukisikia "fssss", hewa ikiingia kwa nguvu, na baada ya hapo chombo kikaenda vizuri, ugonjwa ni kifuniko. Safisha tundu kwa waya mwembamba. Hujatumia hata shilingi.

MTANGAZAJI: Hapa kwa mama?

FUNDI: Tundu liko wazi. Tunaendelea.

Kipimo cha tatu: bakuli la kabureta. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo linaloweka akiba ya mafuta. Lina skrubu ya kumwagia. Mara tu injini ikizimika, funga swichi, ngoja ipoe, weka kopo chini, legeza skrubu hiyo. Mafuta yakitoka mengi, basi yanafika. Usiguse pampu, katafute kwenye plagi, au kwenye vitundu vya kabureta vilivyoziba. Bakuli likiwa tupu au likitoa matone tu, basi mafuta hayafiki.

DEREVA: Mzee, ndiyo maana inawaka tena ikipumzika?

FUNDI: Umeelewa, kijana wangu. Ikipumzika, mafuta kidogo yanajikusanya kwenye bakuli. Inawaka kwa hayo. Kwenye tambarare, bila mzigo, injini inakunywa kidogo, unaweza hata usijue. Ukipanda kilima cha Wanyange na gunia kumi, au ukiwa kule Mbale unaukabili Mlima Elgon, injini inataka mafuta mengi kwa mara moja. Bakuli linakauka kabla halijajazwa. Kwa hiyo pampu dhaifu inajionyesha kwenye mlima.

(SAUTI: Skrubu inalegezwa. Matone mawili, matatu yanaanguka kwenye kopo.)

MTANGAZAJI: Matone tu. Bakuli ni tupu.

FUNDI: Basi twende kipimo cha nne: njia ya kuingia kwenye pampu. Ng'oa mpira unaoleta mafuta kutoka tangini, uushushe chini ya usawa wa tangi, ndani ya chupa. Fungua koki. Yanapaswa kutiririka bila kukatika. Yasipotiririka, kizuizi kiko kabla ya pampu: koki imeziba, filta imeziba, au mpira umejikunja. Hapa yanatiririka. Lakini... kijana, filta iko wapi?

(KIMYA kidogo.)

DEREVA: Niliitoa, mzee.

FUNDI: Uliitoa?

DEREVA: Ilikuwa inaziba kila wiki. Inanisumbua njiani. Nikaunganisha mpira moja kwa moja.

MAMA: Hukutuambia!

DEREVA: Samahani, mama. Nilidhani nasaidia. Ilikuwa inakwenda vizuri bila hiyo.

FUNDI: Usimgombeze, mama. Madereva wengi hufanya hivyo. Filta iliyoziba kila wiki ilikuwa inakwambia kitu, kijana. Ilikuwa inasema, "Tangi ni chafu." Wewe ukamfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

MTANGAZAJI: Tumebakiza vipimo viwili.

FUNDI: Kipimo cha tano: mpira wa mvuto, ule mwembamba unaotoka kwenye injini. Ukague wote kwa vidole, hasa mwishoni, kwenye klipu. Ukiwa umepasuka au umelegea, hewa inavuja, kiwambo hakichezi, na pampu nzima kabisa itaonekana imekufa. Watu wengi wamebadilisha pampu wakati kilichotakiwa ni kipande cha mpira cha urefu wa kidole. Uchomoe kwenye pampu, weka kidole kwenye tundu lake, mwenzako apige kiki, swichi ikiwa imefungwa. Utasikia kidole kinavutwa.

Na angalia jambo moja zaidi. Ndani ya mpira huo inapita hewa tu. Ukikuta umelowa petroli, kiwambo kimetoboka. Mafuta yanapita kwenye tundu hilo na kuingia moja kwa moja kwenye injini. Mara nyingi utaona pia moshi mweusi na harufu kali ya petroli. Hapo huna haja ya kipimo kingine: pampu imekufa.

MTANGAZAJI: Na huu wa mama?

FUNDI: Ni mkavu, na unavuta vizuri. Sasa cha sita, cha mwisho: njia ya kutoka. Rudishia mipira yote miwili, wa tangi na wa mvuto. Ng'oa ule unaokwenda kwenye kabureta, uutumbukize kwenye chupa. Swichi ifungwe kabisa, maana hatutaki cheche mahali penye petroli. Piga kiki mara kumi hadi kumi na tano. Pampu nzima itatema mafuta kwa mapigo: chwi, chwi, chwi. Kama mafuta yanaingia vizuri, mvuto upo, na hakuna kinachotoka, sasa unaweza kusema kwa uhakika kwamba pampu ni mbovu. Kama chombo chako hakina kiki bali kinawashwa kwa stata tu, kipimo hiki mwachie fundi.

(SAUTI: Kiki inapigwa mara nyingi.)

MTANGAZAJI: Naangalia chupa... Tone moja. Basi.

FUNDI: Pampu imekufa, mama. Lakini ngoja tuone nani aliiua.

(SAUTI: Skrubu ndogo zinafunguliwa.)

MTANGAZAJI: Fundi ameifungua ile pampu. Kiwambo ni kizima. Lakini chini ya vali, ule mlango mdogo, kuna chembe za kahawia. Ni zilezile tulizoziona kwenye chupa.

FUNDI: Kutu imekaa mlangoni. Vali haifungi. Pampu inavuta mafuta na kuyarudisha ilikoyatoa. Ya kwanza nayo ilikufa hivyohivyo, nina hakika. Tukiweka ya tatu leo bila kusafisha tangi, tutaonana tena mwezi ujao.

KUBADILISHA PAMPU

MTANGAZAJI: Sasa ufundi wenyewe. Vifaa ni vichache: spana namba 10, bisibisi, koleo, tambara, chupa mbili, uzi wa rangi, klipu mpya, filta mpya na pampu mpya. Fundi, hatua kwa hatua.

FUNDI: Moja, funga koki na uchomoe waya hasi wa betri, ule wenye alama ya kutoa.

Mbili, weka alama kwenye mipira. Funga uzi mmoja kwenye mpira wa tangi, nyuzi mbili kwenye mpira wa kabureta, na wa mvuto uache bila uzi. Ukichanganya mipira haitafanya kazi, na mafuta yanaweza kwenda yasikotakiwa.

Tatu, legeza klipu kwa koleo, zungusha mpira kidogo huku ukiuvuta. Usiuvute kwa hasira, mdomo utavunjika. Kinga mafuta yanayodondoka kwa tambara na chupa. Fungua bolti zinazoshika pampu, uitoe.

Nne, ichukue pampu ya zamani uende nayo dukani. Usiende na maneno. Linganisha unene wa midomo, matundu ya bolti, na upande ambao midomo inaelekea. Inayofanana kwa rangi tu si inayofanana.

Tano, kabla ya kufunga mpya, safisha tangi. Mwaga petroli yote kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Toa tangi. Tia maji ya sabuni na konzi ya kokoto safi, tikisa, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke safi. Suuza, uache likauke kabisa, koki na kifuniko vikiwa wazi. Mwisho lisuuze kwa petroli kidogo safi. Lakini tangi likiwa limetoboka, usikubali mtu alichomelee hivihivi kwa sababu eti ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke. Linalipuka kama bomu.

Sita, funga filta kati ya tangi na pampu. Ina mshale, mshale uelekee kwenye pampu. Chagua ile inayoonyesha ndani, ili uione ikichafuka.

Saba, funga pampu mpya. Tazama alama zake: kuna mshale au maandishi ya kuingia na kutoka. Rudishia mipira kwa kufuata nyuzi zako. Mpira uliokauka na kupasukapasuka usiurudishe, weka mpya. Weka klipu mpya.

Nane, tia mafuta, fungua koki. Piga kiki mara kumi na tano swichi ikiwa imefungwa ili bakuli lijae. Pangusa kila kiungo kwa tambara kavu, subiri dakika tano, pangusa tena. Tambara likilowa, kuna uvujaji, kaza kwanza. Likiwa kavu, rudisha waya wa betri, uwashe.

(SAUTI: Kiki. Injini inawaka, inanguruma bila kukatika.)

MAMA: Mungu asifiwe.

FUNDI: Bado, mama. Injini inayonguruma hapa gerejini haijathibitisha kitu. Kijana, pakia mzigo, panda kilima, urudi. Mimi nakungoja.

KAMA PAMPU YAKO NI YA UMEME

MTANGAZAJI: Wakati tunamsubiri dereva, fundi, uliahidi kuirudia ile aina ya tatu.

FUNDI: Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, tega sikio karibu na tangi. Pampu nzima inalia "zzzz" sekunde mbili au tatu, halafu inanyamaza. Isipolia, usikimbilie kuinunua, kwa sababu ni ghali kuliko hii ndogo. Anza na fyuzi. Halafu soketi ya waya: imelegea, ina kutu? Halafu betri, maana ikiwa dhaifu pampu haina nguvu. Halafu relei. Umeme ukifika mpaka kwenye pampu na bado imenyamaza, hapo ni yenyewe.

Mipira yake ina presha kubwa. Usiing'oe ghafla, petroli itakurukia machoni. Kazi hiyo mpe fundi anayeijua. Na usiwe na tabia ya kutembea na mafuta ya kuokoteza, tangi likiwa karibu tupu kila siku. Pampu hiyo inapozwa na mafuta yanayoizunguka. Ikikaa kavu inaungua.

MAFUTA YA CHUPA NA MADUMU

MTANGAZAJI: Kuna jambo moja ambalo wasikilizaji wetu wanalijua vizuri. Kambini vituo vya mafuta viko mbali. Tunanunua petroli ya chupa, kando ya barabara.

FUNDI: Najua, na siwezi kusema msinunue, maana kazi lazima iende. Lakini inunue kwa macho. Iangalie kwenye mwanga: ina maji chini? Ina vumbi? Inanuka mafuta ya taa? Ukiitia, tumia faneli yenye wavu, juu yake kitambaa safi cha pamba. Zima injini. Weka chombo chini, usikijaze kikiwa juu ya tukutuku.

MTANGAZAJI: Na mimi niongeze, kwa niaba ya wahudumu wa afya: dumu lililowahi kubeba petroli halirudi kwenye maji ya kunywa, hata ulioshe mara kumi. Liwekee alama nyekundu, na lisilale ndani ya nyumba mnamolala.

(SAUTI: Tukutuku inakaribia, inasimama. Injini haizimiki.)

DEREVA: Mzee, imepanda! Nimebeba watu sita na magunia manne. Haikukohoa hata mara moja.

FUNDI: Sasa ndiyo naweza kusema imepona. Kila asubuhi angalia filta. Ikigeuka kahawia, badilisha. Usiitoe tena.

DEREVA: Sitaitoa, mzee. Samahani tena, mama.

MAMA: Yamekwisha. Lakini ile chupa yenye kutu naondoka nayo. Nitaipeleka kwenye mkutano wa kikundi Jumamosi, wenzangu waione kwa macho yao. Walikuwa wanataka kuuza kazi yetu kwa sababu ya kifaa kinachoenea kwenye kiganja.

(MUZIKI: unaingia polepole.)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, hebu tukumbuke. Kabla ya kununua pampu, pima sita: mafuta yenyewe, kifuniko cha tangi, bakuli la kabureta, njia ya kuingia, mpira wa mvuto, njia ya kutoka. Vitano vya kwanza vinaweza kukuokolea fedha zako. Cha sita ndicho kinachokupa ruhusa ya kununua. Na ukishanunua, uliza swali alilouliza fundi: nani aliiua ile ya zamani?

Na hata kama huna mkono wa ufundi, una haki ya kuuliza. Fundi akisema pampu imekufa, mwambie kwa heshima, "Nionyeshe." Akishabadilisha, omba ile ya zamani uende nayo nyumbani. Fundi mzuri hakasiriki.

Kwaheri kutoka Jinja. Safari njema, na milima yote uipande.

(MUZIKI: unapanda, unakwisha.)

MASWALI KWA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Tukutuku inazimika kwenye mlima na kuwaka tena baada ya kupumzika. Tajeni sababu tatu zinazoweza kuleta dalili hiyo. Ipi haihitaji fedha kuitengeneza?
2. Mpira wa mvuto ukikutwa umelowa petroli, unatuambia nini?
3. Dereva aliitoa filta na hakuwaambia wenye chombo. Katika kikundi chenu, dereva anaweza kusema kosa lake bila kuogopa kufukuzwa? Mfanye nini ili aweze?
4. Petroli inayouzwa hapa tulipo inawekwa wapi usiku? Ni nyumba ngapi ziko karibu nayo? Kubalianeni jambo moja mtakalolibadilisha wiki hii.